Gemu ya Mapacha Iliyokataa Kuwaka

Mafundi wenzangu, siku mliyoniaga mlinipa nafasi ya kusema maneno mawili matatu, nami nikasema "asanteni, tule", kwa sababu pilau ilikuwa inapoa na mwenyekiti wetu alikuwa ameshaongea ya kututosha sote. Tangu siku hiyo hamjaacha kunipigia simu. Mmoja anauliza pasi ya kuchomea ishike moto kiasi gani, mwingine anauliza mteja akikataa kuondoka mezani anafanywaje. Nimeona bora niandike mara moja, kila mtu asome kwa wakati wake, na mimi nipate kulala mchana kama wastaafu wenzangu.

Habari za vyeo mtazikosa humu. Fundi wa meza hana cheo. Ukianza unaitwa fundi, ukimaliza unaitwa fundi, na katikati kinachobadilika ni miwani.

Kazi niliianzia Shinyanga mjini, dukani kwa Mzee Hirji. Nilikuwa binti wa Ngokolo, nimemaliza shule, niko nyumbani nachambua mchele na kusubiri maisha yaanze. Baba alinituma nikachukue redio yake iliyokuwa imepelekwa kutengenezwa. Nikaiwasha pale pale dukani, nikamwambia mzee bado inakoroma. Akasema haikoromi. Nikasema inakoroma. Tukabishana mpaka wateja wengine wakaanza kuchukua upande. Mwishowe akaifungua, akakuta waya wa spika umegusa kava, akaniangalia juu ya miwani yake na kuniuliza, "Wewe binti, Jumatatu una kazi gani?"

Mzee Hirji alikuwa Mhindi mzaliwa wa Shinyanga, na Kisukuma chake kilikuwa kisafi kuliko changu, jambo lililoniudhi sana. Wazee wa kutoka vijijini waliingia dukani na salamu yao ya "Mwangaluka", naye akaipokea, akauliza habari za mvua, za wajukuu na za ng'ombe mwenye pembe iliyovunjika. Halafu wazee wakanigeukia mimi, mtoto wa Kisukuma, nikawajibu kwa Kiswahili cha darasani. Mzee mmoja alimuuliza Hirji kwa huruma kama mimi ni mgeni nchini.

Jumatatu hiyo alinikabidhi redio ya betri akasema, "Hii haiwaki. Tafuta," kisha akaenda kunywa chai. Nilitafuta. Nilifungua kava, nikafungua spika, nikafungua na vitu ambavyo sikujua ni nini, mpaka meza yote ikajaa skrubu na vidole vyangu vikawa vyeusi. Jioni akaja, akazitazama zile betri nilizokuwa nimeziweka pembeni bila kuziangalia, akaniuliza zilikuwa zimekaaje. Sikukumbuka. Kumbe asubuhi alikuwa amezipachika kinyume kwa makusudi. Akaniambia nimeanzia mwisho, sasa niirudishe yote kama ilivyokuwa. Nilimchukia mpaka Jumatano.

Basi hilo ndilo la kwanza, na wengi wenu bado linawashinda. Kitu kisichowaka unakianzia nje ndipo uingie ndani. Anza na chaji, kama kina chaji. Kisha betri, kisha pale betri inapogusa, kisha swichi, na bodi iwe ya mwisho kabisa. Nimeona vijana wenu wanapokea simu isiyowaka na kabla hata hawajamwamkia mteja wameshawasha mashine ya upepo wa moto. Ukiwauliza betri umeipima, wanakuangalia kama umewatukana.

La pili nalo ni la Mzee Hirji, na hili halihusu vyuma bali watu. Neno la kwanza la kila mteja ni "imezima yenyewe". Sijawahi kupokea kitu kilichozimwa na mtu. Redio imejaa mende, imezima yenyewe. Simu imekanyagwa na mkokoteni wa ng'ombe, kioo kimekuwa unga, imezima yenyewe. Mimi mwanzoni nilikuwa nawahoji kama polisi, nao wananijibu kama washitakiwa, na hakuna tulichopata.

Mzee Hirji hakuwahi kuuliza. Yeye alikuwa anasema jambo la uongo, kwa sauti ya upole, halafu anasubiri. Siku moja alikuja mama mmoja kutoka Kolandoto na redio iliyokufa. Mzee akaigeuza, akaguna, akasema, "Naona hii ilikaa sana juani."

"Jua la wapi, mzee?" yule mama akasema. "Iko jikoni siku zote, tena juu ya kabati. Hata uji ulipoimwagikia ulikuwa kidogo tu."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akachukua kisu kidogo, akaanza kubandua uji mkavu kwenye swichi. Mama alipoondoka aliniambia kwamba mtu ukimuuliza alikosea wapi anakaa kimya, lakini ukikosea wewe hawezi kuvumilia, lazima akusahihishe. Nikaijaribu mbinu hiyo kwa wateja, ikafanya kazi. Nikaijaribu baadaye kwa mume wangu, ikafanya kazi vizuri zaidi, na kwa muda mrefu aliamini naota mambo yake.

Nilipoolewa nilihamia Masumbwe, maana mume wangu, Baba Sabina, alikuwa dereva wa lori huko. Nikaweka meza yangu kwenye kibaraza, nikachora kibao kwa mkono wangu, nikasubiri wateja. Walikuja kwa tabu. Masumbwe ya wakati ule ilikuwa haijawahi kumwona fundi mwenye kitenge. Mtu alifika, akatazama kushoto na kulia, akauliza, "Mayu, fundi yuko wapi?" Nikisema ndiye mimi, anacheka kwa adabu na kusema atasubiri. Mmoja alikaa kwenye benchi akanitazama nikifungua simu yake, nikibadilisha kifaa cha chaji, nikiifunga na kuiwasha. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Mwambie fundi nimeshukuru."

Kilichoniokoa ni machimbo. Mchimbaji anaingia na kila kitu duarani, yaani ndani ya shimo, na kila kitu kinatoka kimelewa vumbi. Simu, tochi za kichwani, redio, spika za kuchezea muziki huku wanasaga mawe. Watu hao hawana muda wa kuuliza fundi ni mwanamume au mwanamke. Nilitengeneza tochi ya msimamizi wa mgodi mmoja kabla chai yake haijapoa, na kufikia mwisho wa mwezi kulikuwa na foleni.

Sasa niwaeleze kesi ya gemu, kwa sababu ndiyo mnayoiulizia kila siku, na kila mmoja wenu anaihadithia kwa makosa yake.

Kibaraza changu kilikuwa sehemu ya jengo la Baba Kulwa. Huyu alikuwa dalali mkubwa wa dhahabu pale mjini, mtu mnene, mkarimu, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Hakuwa mtu mbaya, na naomba mlikumbuke hilo. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja. Katika mfuko wa shati alitembea na kichupa cha zebaki, na kila kitu cha njano alichokiona ilikuwa lazima akipime. Kwa wasiokulia kwenye machimbo, zebaki ikigusa dhahabu inaishika palepale, na mahali ilipogusa panageuka peupe. Ikigusa rangi tu, inateleza na kukimbia. Kwa hiyo dalali akipewa kitu, kabla ya kuuliza bei, kidole kimeshachovya.

Alipima hereni za Mama Kulwa siku ya kujitambulisha ukweni, mbele ya baba mkwe. Alipoitwa mgeni rasmi kwenye mpira wa kata, alishika kombe kwa heshima, akalisugua chini ya ukingo, akamnong'oneza nahodha, "Kombe zuri, ila msihangaike kuliuza." Nilimwambia mara nyingi kwamba zebaki ni sumu, isikae mfukoni wala kwenye nyumba yenye watoto. Alinijibu kwamba marehemu baba yake aliishika maisha yake yote. Marehemu baba yake alikuwa anatetemeka mikono hata kikombe cha chai kilimshinda, lakini hilo, alisema, lilikuwa uzee.

Watoto wake wa kike, Kulwa na Doto, walikuwa wameletewa gemu ya mkononi na mama yao mdogo wa Mwanza. Kidude cha kutosha viganja viwili, kioo katikati, vitufe kulia na kushoto. Mama mdogo alileta gemu moja kwa mapacha, na nadhani hana watoto. Nyumba haikulala vizuri mpaka msichana wao wa kazi, Minza, alipoweka utaratibu. Kulwa atacheza tangu maharage yabandikwe mpaka yaive, Doto atacheza wali ukiwa jikoni, na kesho yake wanabadilishana. Ndani ya wiki moja watoto wote wawili walikuwa wanaomba maharage.

Huyu Minza alikuwa binti mzima, mtulivu, ametokea kijijini huko ndani ndani. Mama Kulwa alikuwa amemwahidi kwamba baada ya mavuno ataanza kujifunza cherehani kila mchana kwa fundi nguo aliyekuwa jirani na meza yangu. Alikuwa hasubiri kitu kingine duniani. Akitumwa sokoni alipita pale, akasimama na kikapu chake akitazama mguu wa fundi nguo unavyokanyaga. Mashine yake ilikuwa imeshatengwa, na siku ya kuanza ilikuwa imeshapangwa, Jumatatu iliyokuwa inakuja.

Halafu gemu ikagoma kuwaka. Jumapili watoto walibonyeza, wakalia, wakabonyeza tena. Baba Kulwa akafanya uchunguzi wake mwenyewe, uliochukua muda wa kunywa glasi ya maji. Jumamosi Minza alifua. Gemu ilionekana karibu na beseni. Basi Minza ameichovya majini na anaficha. Minza akasema hakuichovya. Kadiri alivyosema kwa upole ndivyo Baba Kulwa alivyoona ni mjanja. Akapiga simu kijijini, mjomba wake binti aje amchukue.

Msidhani hilo ni jambo dogo. Kwetu kule msichana akirudishwa kwao na neno "mharibifu", lile neno linafika kabla yake. Hakuna nyumba itakayompokea, na fundi nguo hawezi kumkabidhi mashine ya watu. Cherehani ingeishia hapo kabla hajaikanyaga hata mara moja.

Jumatatu asubuhi walikuja mezani kwangu wote. Baba Kulwa mbele na gemu mkononi. Mama Kulwa nyuma yake, kimya, na kwa mwanamke yule kimya si dalili nzuri. Minza na mkoba wake wa nguo. Na mjomba, mzee mmoja mkavu aitwaye Luhende, ameketi juu ya pikipiki yake na injini inawaka, kana kwamba akiizima atalazimika kuongea. Waliokuwa wanapita walisimama, maana Masumbwe watu wakiona umati hawaulizi ni wa nini, wanajiunga.

"Shikamoo, mama," Minza akaniambia.

"Marahaba, mwanangu."

"Fundi," Baba Kulwa akasema, "mimi si mtu wa kumwonea mtoto wa mtu. Ndiyo maana nimekuja kwako. Fungua hii kitu, umwonyeshe mzee huyu maji yalipoingilia, ili arudi kwao na ukweli."

Nikaanzia nje. Chaji niliichomeka kwenye simu yangu, ikaingiza moto vizuri. Betri niliitoa, nikaiwekea mita, ikasoma imejaa. Nikaipachika, nikabonyeza swichi, kimya. Nikaitoa tena, nikafungua skrubu, nikainua kava la nyuma. Vifaa hivi vina kikaratasi cheupe kidogo ndani ambacho kikiguswa na maji kinageuka chekundu na hakirudi tena. Kilikuwa cheupe kabisa.

"Hakikuingia maji," nikasema, nikawaonyesha.

Baba Kulwa akakitazama kile kikaratasi kwa dharau. "Fundi, hicho ni kikaratasi. Karatasi ukiianika inakauka. Kama si maji, ni nini sasa? Imezima yenyewe?"

Hapo watu wakacheka, na nikaona Minza anauinua mkoba wake. Kusema hakuna maji kulikuwa hakutoshi. Ilibidi nipate kilichoiua.

Nikavaa miwani ya kukuzia, nikainama. Pale betri inapogusa kuna vijiulimi vitatu vya chuma vilivyopakwa dhahabu nyembamba sana, ili visishike kutu. Vinapaswa kuwa vya njano. Hivi vilikuwa vyeupe, vinang'aa. Nikakigusa kimoja kwa kijiti cha meno, kikacheza. Risasi ya kuchomea iliyokuwa imekishikilia ilikuwa imevunjika vunjika kama ugali wa jana. Nikasukuma kidogo tena, na chini yake kikatoka kitone kidogo cha rangi ya fedha, cha duara, kikabingirika mpaka kwenye kona ya kava na kutulia huko.

Nilibaki nimeinama zaidi ya ilivyohitajika. Nilikasirika, nasema wazi, mpaka masikio yakapata moto. Zebaki. Imekula dhahabu ya vile vijiulimi, imekula na risasi iliyovishika, na gemu imekosa njia ya kupitisha umeme. Nyumba nzima ile mwenye zebaki alikuwa mmoja, na alikuwa amesimama mbele yangu anamsubiri binti wa watu aaibike.

Lakini nikafikiri. Nikisema "hii ni zebaki", atashituka, atatazama watu, na jambo la kwanza litakalomtoka ni kwamba binti alimwibia kichupa akaenda kuchezea. Badala ya mharibifu tutakuwa na mwizi. Mzee Luhende alikuwa ameshaanza kufunga mkoba nyuma ya pikipiki kwa mpira.

Nikainua kichwa, nikavua miwani, nikatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Baba Kulwa," nikasema, "hawa wenye kiwanda wametuibia. Mnunuzi anaambiwa ndani kuna dhahabu, kumbe ni bati limepakwa rangi ya njano. Rangi imebanduka, ndiyo maana haiwaki. Dhahabu hapa haikuwahi kuwepo."

"Rangi?" akasema.

"Rangi tu. Tena ya bei rahisi. Mtu yeyote anayejua dhahabu angeona."

Nilimwona anavimba. Alijaribu kuvumilia, nampa haki yake. Alitazama barabarani, akatazama juu, akapangusa jasho. Waliosimama karibu wengi walikuwa wachimbaji waliomuuzia mzigo, na mmoja akacheka puani.

"Fundi, ninakuheshimu," akasema, "lakini kwenye dhahabu usiniingilie. Ile si rangi. Ile ni dhahabu safi kabisa."

"Umeiona kwa macho tu, Baba Kulwa. Macho yanadanganya."

"Macho gani! Nimeipitishia zebaki kwa kidole changu hiki. Zote tatu. Ikashika papo hapo, ikawa nyeupe. Rangi inashika zebaki? Waulize hawa, rangi inashika zebaki?"

"Haishiki," wachimbaji wakasema kwa pamoja.

"Basi," akasema Baba Kulwa, na akanitazama kwa ushindi.

Mzee Luhende akazima pikipiki.

Mama Kulwa akauliza taratibu, "Uliipitishia lini?"

"Jumamosi, mlipokwenda kwaya. Nilifungua tu hapo nyuma, nikajaribu, nikairudisha betri vizuri kabi..." Akaishia hapo. Mkono wake, bila yeye kuutuma, ukafunika mfuko wa shati.

Ningependa kuwaambia kwamba umati ule uligeuka na kumtazama Minza kwa aibu. Haukugeuka. Wale walikuwa wanaume wa Masumbwe. Mmoja aliuliza kama dhahabu iliyoshika ilikuwa nyingi. Mwingine akasema anazo simu mbovu tano nyumbani. Wa tatu akaanza kueleza namna ya kuichoma zebaki mpaka ibaki dhahabu tupu, na Baba Kulwa mwenyewe, Mungu amsaidie, akanisogelea na kuuliza chinichini, "Kwa hiyo iliyonasa bado iko humo ndani?"

"Baba Kulwa," Mama Kulwa akasema. Watu wote wakanyamaza, hata wale ambao yeye hakuwa mke wao.

Nikavaa glovu. Nikafyonza vile vitone kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nikavitia kwenye chupa yenye maji na kifuniko, na bila kuomba ruhusa nikanyoosha mkono nipokee na kile kichupa cha mfukoni. Alinipa. Nikang'oa vijiulimi vilivyoharibika, nikasafisha bodi kwa spiriti na mswaki, nikachukua vijiulimi vingine kwenye simu iliyokufa, nikavikata vikaenea, nikavichomea. Nafanya taratibu, watu wananitazama. Nikapachika betri, nikabonyeza. Kioo kikawaka, na gemu ikapiga kale kamuziki kake ka kijinga ambako kalikuwa kameichosha nyumba ile kwa miezi.

Baba Kulwa akakohoa. "Haya," akasema, "mambo yameisha. Minza, rudisha mkoba nyumbani."

Minza hakusogea. Nilimwona anashika ncha ya kitenge chake na kuikunja, anaikunjua, anaikunja. Alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa naogopa kwa niaba yake.

"Baba," akasema, "mjomba aliacha ng'ombe porini akaja kuambiwa mimi ni mharibifu. Naomba aambiwe na hili lingine."

Mnajua wenyewe mtu mzima wa kwetu anavyoomba radhi kwa aliye mdogo. Haombi. Ananunua soda, anauliza habari za mazao, anapita mbali, na mdogo anaelewa na kushukuru. Baba Kulwa alitazama kila upande akitafuta soda. Mwishowe akavua kofia yake, akamgeukia mjomba, akasema kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, ndogo kabisa, "Ndugu yangu Luhende, binti yenu hakuharibu kitu. Niliyeharibu ni mimi."

Mzee Luhende alikuwa bado juu ya pikipiki yake iliyozimwa zamani.

"Samahani sana," akasema, "sikukusikia. Pikipiki hii ina kelele."

Hakuna aliyecheka. Baba Kulwa akaitazama ile pikipiki iliyokuwa kimya, akaelewa. Akavuta pumzi, akalisema tena, safari hii kwa sauti yake ya kawaida, ile ya ng'ambo ya barabara. Fundi nguo alisimamisha cherehani. Wauza dagaa waligeuka. Lilisikika mpaka kwenye mashine za kusaga.

"Sasa nimesikia," mzee akasema. Akafungua mpira, akaushusha mkoba, akauweka chini katikati yao, kisha akawasha pikipiki na kwenda kwa ng'ombe wake.

Minza alinijia mezani, akaichukua gemu kwa mikono miwili, akanishukuru kwa Kisukuma, "wabeja, mayu". Akapita kwa fundi nguo, akamuuliza kama leo mchana bado aje. Fundi nguo akasema aje. Akashika njia ya nyumbani, wala hakuutazama mkoba.

Mkoba ulibaki pale chini. Mama Kulwa alipita pembeni yake akamfuata binti. Baba Kulwa alitazama kushoto, akatazama kulia, na wachimbaji wote walikuwa wanatazama viatu vyao. Basi akainama, na unene wake ule, akautia begani, akawafuata wanawake wale wawili kupita katikati ya soko. Mimi nilizima pasi, nikasimama juu ya benchi la wateja, nikamtazama mpaka akakata kona.